Mashine Ikishuka Uwanja wa Vumbi

Usiku wa tarehe 5 Aprili 2024, vibanda umiza vya Mbagala, Tandika na Mwananyamala vilikuwa na ubishi wa jambo moja tu. Yanga walikuwa Pretoria, uwanja wa Loftus Versfeld, wakirudiana na Mamelodi Sundowns katika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Mechi ya kwanza, pale Benjamin Mkapa, ilikwisha bila bao. Kipindi cha pili Stephane Aziz Ki akaachia shuti kali, mpira ukagonga mwamba wa juu, ukadunda chini, ukarudi uwanjani. Wachezaji wa Yanga mikono juu, wanashangilia. Waamuzi wa video wakapitia picha, refa Dahane Beida wa Mauritania akaruhusu mchezo uendelee. Hakuna bao. Sundowns wakasonga mbele kwa penalti 3-2, na mjadala ukahamia kwenye daladala, saluni na vijiwe vya kahawa, ambako haujaisha mpaka leo.

Msikilizaji, mjadala ule uliwahusu zaidi watu: nani kaonewa, nani kapendelewa. Kamera hazikuzungumzwa sana, na hapo ndipo pana jambo la kujifunza. Uwanja ule ulikuwa na kamera za televisheni, na watu wa kuziangalia walikuwepo. Kilichokosekana ni teknolojia ya mstari wa goli, yaani kamera zilizofungwa kwa ajili ya mstari ule tu, na kompyuta ya kuunganisha kinachoonekana katika kila moja.

Hesabu yenyewe si ngumu. Mpira uliopigwa kwa kasi ya kilomita 100 kwa saa unakwenda karibu mita 28 kwa sekunde moja. Kamera inayopiga picha 50 kwa sekunde itauona mpira huo hapa, kisha itauona tena ukiwa umeshasogea zaidi ya nusu mita. Mpira wenyewe una upana wa sentimita 22 hivi. Maana yake mpira unaweza kuvuka mstari na kurudi bila picha hata moja kuunasa ukiwa ng'ambo. Ongeza na pembe: kamera iliyo usawa wa boksi la penalti inauona mpira ulio hewani kwa mshazari, na jicho la binadamu likitazama picha ile linaapa kwamba mpira umeingia, au kwamba haukuingia, kutegemea anayetazama amevaa jezi gani.

Dunia ilishapita njia hii, tena Afrika hii hii. Juni 2010, mjini Bloemfontein, Frank Lampard wa Uingereza alipiga mpira ukagonga mwamba, ukaangukia ndani ya goli la Ujerumani, ukatoka. Refa hakuona. Miaka miwili baadaye, Julai 2012, bodi ya sheria za soka ikaidhinisha teknolojia ya mstari wa goli, na Kombe la Dunia la Brazil 2014 likawa la kwanza kuitumia. Kamera zilikuwa 14, saba kwa kila goli. Kila kamera inautafuta mpira ndani ya picha yake, kisha kompyuta inachora mstari wa kufikirika kutoka kwenye lenzi kupitia katikati ya mpira. Mistari ya kamera mbili ikikutana, mahali mpira ulipo panajulikana. Mbili zingetosha, ila kipa na mabeki wana tabia ya kuziba, ndiyo maana zinafungwa saba.

Miaka minane baadaye, Qatar 2022, kazi hiyo ilikuwa imepanda ngazi. Kamera 12 zilifungwa chini ya paa la kila uwanja, zikifuatilia si mpira tu bali pointi 29 katika mwili wa kila mchezaji, kuanzia kidole cha mguu mpaka bega, mara 50 kwa sekunde. Ndani ya mpira kulikuwa na kifaa kinachotuma taarifa mara 500 kwa sekunde, ili ijulikane ni wakati gani hasa mguu umegusa mpira. Mchezaji akiotea, mashine inamwarifu mwamuzi wa video, naye anahakiki kabla refa hajaamua. Msikilizaji aliyekuwa akishangaa michoro ile ya kompyuta ya mchezaji aliyeotea inatoka wapi, inatoka huko.

Sasa mashine inamtambuaje mtu, na inajuaje kwamba hili ni goti na lile ni kiwiko? Hakuna aliyekaa akaiandikia kompyuta maelezo ya goti. Inaonyeshwa picha nyingi mno ambazo watu wameshazitia alama: huyu mchezaji, huyu refa, huu mpira. Inakisia, inasahihishwa, inakisia tena, na kila mara inajirekebisha kidogo. Baada ya muda inaanza kutambua hata picha ambayo haijawahi kuiona. Huko ndiko kujifunza kwa mashine, na kwenye soka kamera zikiwa nyingi kazi inakuwa na hatua nne. Kwanza, kamera zote ziende na saa moja. Zikipishana kwa sehemu moja ya 25 ya sekunde tu, mchezaji anayekimbia mita nane kwa sekunde ataonekana sehemu mbili zilizoachana kwa sentimita 32. Pili, kila kamera ijue imesimama wapi, na hilo inalijua kwa kutazama vipimo visivyobadilika vya uwanja: goli la mita 7.32 kwa 2.44, boksi la mita 16.5, duara la kati lenye nusu kipenyo cha mita 9.15. Tatu, kila mchezaji apewe utambulisho mmoja, ili yule jezi namba saba wa kamera ya kaskazini asihesabiwe mtu mwingine akitokea kwenye kamera ya kusini. Nne, mashine iamue mtazamaji aonyeshwe nini.

Hatua hiyo ya nne, kwa Dar es Salaam, bado ni kazi ya mtu. Nje ya Benjamin Mkapa au kule Azam Complex, Chamazi, siku ya mechi linaegeshwa gari la matangazo lenye nyaya nene zinazoingia uwanjani. Ndani yake kuna giza na ukuta wa luninga ndogo, kila moja na namba yake. Mwongozaji amevaa vifaa vya masikioni, anataja namba: kaa na mbili, tatu jiandae, nipe tatu. Vidole vya anayebonyeza vitufe vinakwenda na sauti yake. Pembeni mtu mwingine anaandaa marudio ya mwendo wa taratibu hata kabla mfungaji hajamaliza kushangilia. Kampuni ya Azam Media, iliyoanza kurusha Azam TV Desemba 2013, iliingia mkataba na TFF, shirikisho la soka nchini, Mei 2021 wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6 kuonyesha Ligi Kuu. Matangazo yake ndiyo yaliyowafanya mashabiki wazoee kuona mechi za mikoani kwa kamera kadhaa, wakati zamani kilichofika majumbani kilikuwa sauti tu. Enzi za Redio Tanzania Dar es Salaam, watangazaji kama Ahmed Jongo na Charles Hilary walikuwa kamera na mwongozaji kwa pamoja: msikilizaji aliona kile tu walichochagua kukisema, na alipaswa kuwaamini.

Agosti 2025 mashabiki wa Temeke wakaiona tena kwao VAR, yaani mfumo wa waamuzi wa video, kwenye michuano ya CHAN iliyoandaliwa na Tanzania, Kenya na Uganda. Ufunguzi ulikuwa Benjamin Mkapa tarehe 2, Taifa Stars wakaifunga Burkina Faso 2-0. Mwaka mmoja kabla, bajeti ya Serikali iliyosomwa Dodoma Juni 2024 ilikuwa na pendekezo la kusamehe kodi kwa vifaa vya VAR. Kwa hiyo upande wa viwanja vikubwa mambo yanasogea, na AFCON ya 2027, itakayoandaliwa na nchi hizo hizo tatu, itayasukuma zaidi.

Lakini soka la Dar es Salaam halichezwi Mkapa peke yake.

Kila jioni, kuanzia saa kumi, kuna mpira Mwananyamala, Tandale, Yombo, Mtoni na Mbagala. Kuna ndondo, mashindano ya mtaani ambayo siku ya fainali yanaweza kujaza watu pande zote nne za uwanja mpaka mstari wenyewe usionekane. Ndondo Cup, iliyoasisiwa na mtangazaji Shaffih Dauda, iliupa mpira huo jina kubwa, na viwanja kama Bandari kule Tandika vikajulikana hata kwa watu wasiojua Tandika iko wapi. Hakuna gari la matangazo linaloegeshwa huko kwa mechi ya kawaida ya Jumanne. Anayerusha mubashara ni kijana mwenye simu moja, amesimama juu ya kiti cha plastiki, mkono umechoka, na bando linakaribia kukata.

Kwenye mechi ndogo kama hizo ndiko kampuni za kamera zinazojiendesha zinakotafuta soko duniani. Veo ya Copenhagen, iliyoanzishwa mwaka 2015, inauza kamera yenye lenzi mbili inayofungwa juu ya mlingoti mrefu pembeni mwa uwanja. Lenzi mbili zinaona uwanja mzima kwa pamoja, programu inaunganisha picha zao, kisha inakata kipande kile chenye mpira na kukifuata huku na huko kana kwamba kuna mtu anayeizungusha kamera. Pixellot ya Israel inafanya kazi ya aina hiyo hiyo. Hakuna mpiga picha, hakuna mwongozaji. Kocha anapata mechi nzima, mtazamaji wa mbali anapata mpira unaofuatika, na gharama inakuwa sehemu ndogo tu ya gharama ya gari la matangazo.

Ila mashine inajua ilichofundishwa tu. Oktoba 2020, huko Scotland, klabu ya Inverness Caledonian Thistle ilikuwa imeweka kamera ya aina hiyo kwa ajili ya mashabiki waliozuiwa kuingia uwanjani kwa sababu ya korona. Ikicheza na Ayr United, kamera ilianza kumfuata mshika kibendera. Mwamuzi yule alikuwa na kipara, jua linakiangaza, na programu ikaona kitu cha mviringo chenye kung'aa: ikaamini ni mpira. Mara kwa mara mashabiki waliachwa wakitazama kichwa cha mwamuzi huku mchezo ukiendelea upande wa pili. Watu walicheka, na habari ikazunguka dunia.

Sasa ipeleke kamera hiyo hiyo Tandika. Mpira wa pale umekwaruzika mpaka ngozi imekuwa na rangi ya ardhi yenyewe, na ardhi ni mchanga, si nyasi. Mistari imechorwa kwa chokaa au majivu, na kufikia dakika ya ishirini upepo na miguu vimeifuta nusu. Vile vipimo ambavyo kamera ingevitumia kujua imesimama wapi vinapotea mechi ikiendelea. Duara la kati huenda halikuchorwa kabisa. Timu moja ina jezi kamili, nyingine ina wachezaji saba wa jezi ya buluu na wanne wa buluu isiyofanana nayo. Watazamaji wamesimama hatua moja kutoka kwenye mstari, wengi wao wamevaa jezi za mpira, na kwa mashine mtu mwenye jezi ya mpira aliye karibu na mpira ni mchezaji. Muuza karanga anakatiza nyuma ya goli. Mtoto anaukimbilia mpira uliotoka. Saa kumi na mbili jua linazama upande wa lenzi, vumbi linawaka rangi ya chungwa, na shati jeupe linaanza kufanana na la manjano.

Binadamu hapati shida hata kidogo na vurugu hiyo. Bibi aliyekaa barazani na miwani yake anajua nani anacheza na nani anauza karanga. Mashine iliyolelewa kwa picha za viwanja vya kijani vya Ulaya inaweza kuvurugwa na kila kimoja kati ya hivyo. Kwa hiyo anayetaka kuileta mitaani atakuwa na kazi kubwa kuliko kununua kifaa. Itabidi kifaa kifundishwe tena, kwa picha za huku.

Kuna pia suala la kurusha. Video safi ya kiwango ambacho luninga nyingi za nyumbani zinaonyesha inahitaji kama megabiti tano kwa sekunde. Kwa saa moja hiyo ni gigabaiti 2.25, na mechi nzima pamoja na mapumziko inakaribia gigabaiti nne. Huo ni mzigo wa kamera moja. Mwenye kamera nne akizipeleka zote kwenye seva ya mbali ili mashine ichague huko, ni gigabaiti 16, tena kwa kupakia, ambako kwa kawaida mtandao wa simu una kasi ndogo kuliko kupakua. Siku ya fainali, watu elfu kadhaa wakiwa na simu mfukoni chini ya mnara mmoja, hata hizo megabiti tano ni za kugombania. Njia inayofaa ni kompyuta kukaa pale pale uwanjani, ichambue kamera zote nne, ichague picha moja, na itume hiyo moja tu. Kompyuta ndogo za kazi hiyo zipo, zinaingia kwenye begi. Umeme wake unaweza kutoka kwenye betri kubwa au jenereta ile ile inayoendesha spika za mshereheshaji.

Faida ikoje? Mfano uko Mbagala kwenyewe. Mbwana Samatta alikulia huko, akapita timu ya Mbagala Market iliyokuja kuwa African Lyon, kisha Simba. TP Mazembe ya Lubumbashi ilimchukua mwaka 2011 baada ya kumwona akicheza dhidi yake kwenye mashindano ya Afrika. Baadaye akaenda Genk ya Ubelgiji mwaka 2016, na Januari 2020 akasajiliwa na Aston Villa, Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Njia yote ile ilifunguka kwa sababu timu kubwa ilikuwa upande wa pili wa uwanja siku ile. Kijana wa Yombo anayecheza vizuri sasa hivi hana mechi na Mazembe. Akiwa na video za mechi kumi, zilizokatwa na mashine ili kila anapogusa mpira paonekane, pamoja na hesabu ya mbio zake na pasi zake, wakala aliyeko Lubumbashi au Muscat anaweza kumtazama bila kupanda ndege.

Video hizo hizo, hata hivyo, zina nyuso za watu ambao hawakuombwa ruhusa. Wengi kwenye viwanja vya mtaani ni watoto. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na ipo Tume ya kuisimamia. Kamera inayofuatilia mwili wa mtu, kumpa namba na kuhifadhi mwenendo wake kwa msimu mzima imeshavuka mpaka wa picha ya kumbukumbu. Mwandaaji wa mashindano anayeweka kamera ya namna hiyo anakusanya taarifa za watu, na anapaswa kuwaeleza wazazi na viongozi wa timu anakusanya nini, kwa ajili gani, na atazihifadhi kwa muda gani.

Halafu kuna kazi yenyewe ya kuifundisha mashine, ambayo Afrika Mashariki inaijua kuliko inavyodhaniwa. Jijini Nairobi, kampuni ya Sama iliajiri vijana kwa miaka mingi, baadhi wakitokea Kibera, kukaa mbele ya kompyuta na kuchora mipaka kuzunguka magari, watu na taa za barabarani, ili magari yanayojiendesha ya nchi nyingine yajue barabara. Mikono ya Afrika Mashariki imetia alama kwenye barabara za mbali. Viwanja vya Temeke vinasubiri zamu yao.

Kiasi cha kazi kinahesabika. Mechi ya dakika 90 kwa picha 25 kwa sekunde ni picha 135,000 kwa kamera moja. Hakuna haja ya kuzitia alama zote. Picha moja kwa kila sekunde inatosha kuanzia, nazo ni 5,400. Ikiwa kila picha inachukua dakika moja kuonyesha mpira, wachezaji, refa na yule muuza karanga asiyehusika, ni saa 90 za kazi. Vijana wawili wakikaa saa nane kwa siku wanamaliza kwa siku sita. Mechi ishirini za viwanja mbalimbali, za mchana na za jioni, za kiangazi na za masika, ni miezi minne ya watu wawili hao hao bila kupumzika Jumapili. Kazi ya kiasi hicho haihitaji mfadhili mkubwa. Idara ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au ya Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT) inaweza kuifanya mradi wa wanafunzi wa mwaka wa mwisho, na halmashauri ya Kinondoni, ambayo tayari ina timu yake ya KMC na uwanja wake pale Mwenge, ina mahali pa kufanyia majaribio.

Kinachohitaji kuamuliwa mapema ni umiliki. Picha hizo zilizotiwa alama zina thamani kwa kila kampuni inayotaka kuuza kamera kwenye viwanja visivyo na nyasi, na viwanja hivyo vipo kuanzia Dar mpaka Dakar. Mwandaaji wa mashindano, viongozi wa timu na mwenye kamera wakae mezani kabla ya filimbi ya kwanza, waandikiane video ni ya nani, alama ni za nani, na zikiuzwa timu ya mtaa itapata nini.